Kujitenga si kukimbia kazi

Vijana wengi wanauliza: "Pasta, nimejitoa kwa Bwana, sasa niache kazi ya shimo?" Maana kule kuko pombe, kuko dawa ya kutafutia madini, kuko mizani ya wizi.

Soma Danieli 1. Kijana huyu alipelekwa mateka Babeli, akapewa jina la miungu yao, akafundishwa elimu ya Wakaldayo miaka 3. Hakukimbia. Alikataa chakula cha mufalme na divai, akaomba kwa heshima ajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. (Wengine wetu, tukishaokoka, tunajua kugombana tu!) Na mustari wa 8 unasema aliamua moyoni kwanza. Siye tunangoja mupaka chupa iko mu mukono, ndipo tunaanza kuomba.

Basi kijana, uwaambie wenzako mbele ya kushuka: pombe hapana, dawa hapana, kilo yangu ni kilo. Pengine watakufukuza. Danieli alikuwa na wenzake 3. Tafuta wa namna hiyo mu kanisa. Na wewe mama, siku hiyo franga ikipunguka ku nyumba, usimusemeshe mutoto wako vibaya.