Likizo Ijayo, Quanzhou

Skuli zikifungwa, mazungumzo ya nyumba zetu hapa London ni yale yale: Unguja, Mombasa, Maskati. Sina ugomvi na safari hizo. Ugomvi wangu ni na wale wanaotaka watoto waione China, kisha wakakubali kuuziwa Beijing na ule Ukuta tu. Wakala mmoja aliniambia Quanzhou hakuna cha kutazama. Tukaenda hivyo hivyo.

Mwanangu alikuwa amesomeshwa habari za Vasco da Gama kana kwamba bahari yetu haikuwa na njia kabla ya 1498. Quanzhou ndiyo Zaitun ya Waarabu. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alishuka huko. Msikiti wa Qingjing ulijengwa mwaka 1009. Lango lake la mawe bado limesimama, ila ukumbi wa kale hauna paa. Kwenye hekalu la Kaiyuan limewekwa jahazi lililofukuliwa mwaka 1974, lilikuwa na ubani, pilipili manga na ambari. Mtoto alisimama pale kimya muda mrefu, naye si mtoto wa kunyamaza.

Kijijini Xunpu kuta za nyumba ni za makombe ya chaza. Wenyeji husimulia kuwa yaliletwa na vyombo vilivyorudi kutoka ng'ambo, yakiwa farumi. Ni masimulizi, lakini yasikilizeni.

Chakula ndicho kinachowatisha watu wetu, nao hujaza mikoba biskuti na samaki wa kopo. Ni kweli, nguruwe yumo vyunguni kwa wingi. Hata chaza wanaokaangwa kwa mayai na unga wa viazi vitamu, ulizeni kwanza mafuta gani. Lakini hiyo si sababu ya kukaa na njaa. Iko supu tamu ya karanga, laini kama uji, na chai ya Anxi katika vikombe vidogo kama vya kahawa yetu. Kwa nyama tulikula kwenye vimkahawa vyenye maandishi ya halali mlangoni. Tambi huvutwa kwa mkono mbele ya macho yako.

Teremkeni Xiamen, kwa treni ya kasi ni kama nusu saa. Bibi yao, aliyetucheka tulipoondoka, keshasema mara nyingine habaki nyumbani.