Anzieni Gishora, boma litawasubiri
Asante mwandishi, ila hapo uliposema Gitega ilianza na Wajerumani mwaka 1912 umetuacha njiani. Pale Gishora, kilomita chache tu kutoka mjini, ngoma za mfalme Mwezi Gisabo zilikuwa zinalia kabla hawajajenga boma lao, na mwenyewe alishafariki 1908! Mimi ni wa Muyinga. Shemeji zangu wa Ngara wakivuka mpaka pale Kobero, kitu cha kwanza ni boma, eti wapige picha. Nawapeleka Gishora kwanza, wanune wasinune. Na wewe ndugu hapo juu unayesema makumbusho ya Gitega ni kachumba tu: madogo ni kweli, lakini yapo tangu 1955, na mimi niliingia saa tatu nikatoka saa sita.