Vigezo na Masharti Kuzingatiwa: Kwa Lugha Gani?

"Kukopa arusi, kulipa matanga," walinena wahenga. Methali hii ilizuka zama ambazo mkopaji alimwendea mkopeshaji barazani, wakasemezana kwa lugha waliyoielewa wote wawili, na pengine shahidi wa tatu akaketi kando akisikiliza. Siku hizi arusi hiyo hufanyika kiganjani. Mtu hubonyeza vitufe vichache, pesa zikaingia katika simu yake papo hapo, na matanga yakamngoja mwisho wa mwezi. Katika mabadiliko haya yote, jambo moja halijazungumzwa vya kutosha, hata miongoni mwa wale ambao lugha ndiyo kazi yao. Mkopaji wa leo nchini Kenya hualikwa kwa Kiswahili, kisha akafungwa kwa Kiingereza.

Mwaliko huo ni mtamu, na hapana budi kukiri kwamba waliobuni majina ya huduma hizi wanaijua lugha. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, neno la kawaida kabisa la Kiswahili liliingia katika msamiati wa biashara ya dunia. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa iliyoanzishwa pamoja na Benki ya Commercial Bank of Africa. Shwari ni utulivu wa bahari, ule ambao nahodha huutamani baada ya tufani. Kwa aliyeishiwa na muda wa maongezi pakawa na Okoa Jahazi, msemo wa mabaharia wa pwani uliogeuzwa kuwa jina la deni dogo. Mwaka 2018 benki moja ikaleta Timiza, na Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kukamilisha malipo hata kama pesa zilizomo katika akaunti yake hazitoshi. Mwanafunzi wa semantiki hatakosa kutabasamu hapa, kwani kufuliza ni kuendelea kutenda jambo bila kusita. Kwa wakopaji wengi hivyo ndivyo deni lilivyokuwa: halisiti.

Hivyo basi, hakuna awezaye kudai kwamba Kiswahili hakifai katika teknolojia na biashara. Wafanyabiashara wenyewe wameshaamua kuwa kinafaa, tena sana, pale wanapotaka kumfikia mnunuzi. Matangazo ya redio ni ya Kiswahili. Mabango ya barabarani ni ya Kiswahili. Hata onyo la mwisho wa tangazo, lile linalosemwa kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, ni la Kiswahili: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Swali ni kwamba vigezo hivyo na masharti hayo viko wapi, na vimeandikwa kwa lugha gani. Aghalabu mteja huelekezwa kwenye tovuti, na huko hukutana na kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili, zenye sentensi ambazo hata mhitimu wa chuo kikuu huzisoma mara mbili. Pale ambapo tafsiri ipo, si ajabu kukuta imeambatishwa kifungu kisemacho kwamba penye tofauti toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Yaani Kiswahili kimepewa kazi ya mpiga zumari mlangoni, ilhali mazungumzo ya mahari yanafanyika chumbani kwa lugha nyingine.

Huenda msomaji akaona hili ni suala la heshima ya lugha tu. La hasha. Ni suala la pesa. Mathalani, M-Shwari ilipozinduliwa, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5. Aliyekopa shilingi 1,000 alirejesha 1,075. Tozo hiyo haikuitwa riba. Iliitwa kwa Kiingereza jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na ada ya uwezeshaji. Asilimia 7.5 kwa mwezi, ikizidishwa kwa miezi 12, ni asilimia 90 kwa mwaka. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kudhibiti riba za benki, zisizidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Sheria hiyo ilidumu hadi Novemba 2019 ilipobatilishwa, na katika kipindi hicho mikopo ya simu iliendelea kutozwa kwa hoja kwamba tozo yake ni ada wala si riba. Tofauti kati ya maneno hayo mawili iliamua ni nani angelindwa na sheria na ni nani asingelindwa. Je, kuna mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya istilahi?

Neno riba lina historia ndefu katika Kiswahili. Lilitoka katika Kiarabu likiwa limebeba uzito wa kidini na wa kimaadili, na msikilizaji wa pwani, awe Mwislamu au la, hulisikia kwa tahadhari. Neno ada ni jepesi: kuna ada ya shule, ada ya uanachama, ada ya kuegesha gari. Anayesikia "ada" hafikirii kupiga hesabu ya mwaka mzima. Lau masharti ya mikopo yangaliandikwa kwa Kiswahili sanifu, na watu wanaolipwa kufikiria maana za maneno wakashauriwa, mjadala huu ungalizuka mapema.

Athari za jambo hili hazikomi sokoni. Zimeingia hata katika mabweni ya vyuo vikuu. Mwanafunzi hukopa mia tano ya chakula, au ya kamari ambayo hataitaja kwa wazazi wake, kisha akabadilisha laini ya simu akadhani yameisha. Miaka michache baadaye, akiwa na shahada mkononi, anaombwa na mwajiri wa umma cheti cha taasisi ya kumbukumbu za mikopo, na hapo anagundua kwamba jina lake limo katika orodha ya walioshindwa kulipa. Ilibidi Benki Kuu ya Kenya iingilie kati mwezi Aprili 2020 na kuagiza kwamba madeni yasiyofikia shilingi 1,000 yasiwe sababu ya kumworodhesha mtu. Kabla ya hapo, deni la bei ya kilo chache za unga liliweza kumchafulia kijana jina. Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilizotolewa mwaka 2022 zilipiga marufuku vitisho na tabia ya kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Hizo ni hatua njema. Hata hivyo, zilitibu jeraha. Hazikuuliza kama aliyejeruhiwa alikuwa ameelewa alichokitilia sahihi.

Suala la kuelewa lilijitokeza wazi zaidi mwaka 2023. Mwezi Julai na mapema Agosti, maelfu ya watu walipiga foleni katika vituo mbalimbali, likiwemo Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin. Kila mmoja aliahidiwa sarafu za kidijitali ambazo thamani yake ilikadiriwa kuwa kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti. Mwezi Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data hizo za kimaumbile zifutwe, na mojawapo ya hoja zilizozingatiwa ilikuwa ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu kwa malipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na yenye ufahamu. Neno la mwisho ndilo linalowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Ufahamu hauwezi kutenganishwa na lugha. Anayebonyeza "Nakubali" chini ya maandishi asiyoyaelewa amebonyeza tu; hajakubali chochote.

Katiba ya mwaka 2010 haina utata kuhusu jambo hili. Kifungu cha 7 kinatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Kifungu cha 50, kinachohusu kesi mahakamani, kinaagiza kwamba mtu apewe habari kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo mshtakiwa wa wizi wa kuku ana haki ya kuelezwa mashtaka kwa lugha yake, lakini aliyemuuza kuku huyo na kukopa mtaji kwa simu anaachwa apambane na Kiingereza cha mawakili peke yake.

Wapo watakaopinga. Hoja ya kwanza itakuwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hii imezeeka. Rehani, dhamana, hawala, hundi, bima, mdai, mdaiwa, fidia na mkataba ni maneno yaliyotumika katika biashara ya pwani kwa muda mrefu kabla simu ya kwanza haijalia Nairobi. Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na hakuna aliyesikia kwamba mikataba imekauka huko. Isitoshe, kazi ngumu zaidi ya istilahi za kompyuta ilikwisha kuanzwa zamani. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ikawashirikisha wataalamu wa Afrika Mashariki kutafsiri programu zake katika miaka hiyo hiyo.

Hapa wasomi wa Kiswahili nao wanapaswa kujikosoa. Kwa miaka mingi, makongamano yamewaka moto juu ya tarakilishi na kompyuta, rununu na simu ya mkononi, wavuti na tovuti. Mijadala hiyo ina mahali pake. Lakini wakati ambapo wanaisimu walibishania jina la chombo, wengine walikuwa wakiandika, kwa lugha nyingine, masharti ya matumizi ya chombo hicho. Mwananchi ambaye hajui kama anakiita rununu au simu hajapoteza hata senti moja. Ambaye hajui kama analipa ada au riba amepoteza.

Hoja ya pili ni kwamba hakuna anayesoma masharti, hata kwa Kiingereza. Hili ni kweli kwa kiasi kikubwa, ila halitetei hali ilivyo. Masharti marefu hayasomwi kwa sababu hayakuandikwa yasomwe. Dawa yake ni muhtasari wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, wenye kutaja mambo machache: kiasi kinachokopwa, kiasi kitakachorejeshwa, tarehe ya mwisho, kitakachotokea ikipita, na taarifa gani za mteja zitachukuliwa. Tena, masharti huwa na umuhimu mkubwa zaidi baada ya mgogoro kuzuka, na hapo hata asiyekuwa msomaji hulazimika kuyatafuta.

Hoja ya tatu, iliyopata nguvu siku hizi, ni kwamba mashine za kutafsiri zitamaliza kazi hii bila gharama. Mashine hizo zimeimarika na zinafaa kwa mengi. Hata hivyo, mteja anayejitafsiria mkataba kwa mashine hana wa kumlaumu tafsiri ikipotoka. Kinachotakiwa ni maandishi ambayo kampuni yenyewe imeyatoa, imeyakubali, na iko tayari kuyatetea mbele ya hakimu.

Basi nini kifanyike? Kwanza, Benki Kuu, Mamlaka ya Mawasiliano na Ofisi ya Kamishna wa Data zinaweza kuweka sharti kwamba huduma yoyote inayotangazwa kwa Kiswahili iwe na mkataba wa Kiswahili wenye uzito sawa kisheria. Kanuni hiyo ni ya haki, kwani lugha iliyomwita mteja ndiyo ingetumika kumfunga. Pili, mwaka 2018 Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha kuundwa kwa baraza la Kiswahili. Kusanifisha istilahi za mikataba ya fedha na data ni kazi inayokifaa chombo cha namna hiyo. Tatu, idara za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya sheria na vya biashara kufundisha tafsiri ya mikataba. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Mada imo katika simu yake.

Wanafunzi wa Kiswahili huulizwa kila likizo na jamaa zao kwamba watafanya kazi gani na shahada hiyo. Jibu mojawapo ni hili. Nchi nzima inakopa, inalipa na inatoa siri zake kwa kubonyeza kitufe, na wanaoweza kuieleza inabonyeza nini ni wachache. Mama muuza mboga anayeuliza, kabla ya kubonyeza, "Hapa wanasemaje?" anastahili kujibiwa kwa lugha aliyoulizia.