Chakol: Geuza Antena Kidogo, Unashika Nchi Mbili

Msee wa Chakol, kabla ujaze tena bando ya kustrimu ama ulipe dikoda ya mwezi, cheki juu ya mabati yako kwanza. Kuna doo imelala hapo.

2027 Kenya inapiga kura Agosti 10. Mwaka huo huo AFCON imepangwa hapa kwetu, Uganda na Tanzania. Na wengi wetu tumeweka kila kitu kwa simu. Uliza majamaa wa ng'ambo ya Malaba vile Januari 2021 ilikuwa: uchaguzi wa Uganda ulifika na intaneti ikazimwa nchi nzima. Simu ikawa tochi. Waliobaki na habari ni wa redio na TV.

Lakini hata TV huzimwa, tusidanganyane. Februari 2015 Citizen, NTV na KTN zilipotea karibu wiki tatu, vita vikiwa ni nani atasambaza mawimbi ya dijitali. Signet ya KBC na PANG ya Wachina ndio walikuwa na leseni, media zetu zikataka yao. Januari 30, 2018, Raila akijiapisha Uhuru Park, hizo tatu zikazimwa tena, na korti ikisema ziwashwe bado zilikaa giza siku kadhaa. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, NTV na KTN zikakatwa hadi High Court ikaingilia.

Hiyo ndio shida ya TV ya bure: stesheni ni nyingi, lakini zinapitia minara ya kampuni chache. Ukifunga mnara, umefunga zote zilizo hapo.

Sasa msee wa Nairobi hana la kufanya. Wewe wa Chakol uko na bahati ya mpaka. Kenya na Uganda zote zinatumia DVB-T2, so TV ile ile inasoma pande zote mbili. Webuye, penye mawimbi yetu hurushwa, iko mashariki yako. Tororo iko kaskazini, ile Rock unaiona ukiwa njia ya Malaba. (Kampuni ya kusambaza mawimbi ya Uganda pia inaitwa Signet. Hawa watu hawakuwa na majina mengine?) Sisemi serikali ya huko inapenda laivu kuliko yetu. Nasema ni ngumu zote mbili zizime siku moja.

Antena chukua ya UHF ya nje, ile imekaa kama mfupa wa samaki. Inashika vizuri penye imeelekezwa tu, so mlingoti uwe wa kugeuka, ama uweke mbili na ubadilishe waya nyuma ya TV. Usiziunge pamoja na kigawanyio cha bei rahisi, zitaharibiana. Vile vijiti vilale sambamba na ardhi. Ukiona ya jirani imesimama wima, si lazima uige.

Urefu ndio kila kitu. Ipite miembe na mikaratusi, ju dijitali haina chengachenga za zamani: iko ama haiko. Picha ikianza kugandaganda, pandisha antena kabla ununue kale kaboksi ka kuongeza nguvu. Hako kanaongeza hata kelele, na kama hakuna mawimbi hakana kitu ka kuongeza. Waya iwe RG6, moja, bila kuunga njiani, na iachie ilegee kidogo kabla iingie ndani ili maji ya mvua idondoke nje.

Duka likikuuzia TV, angalia imeandikwa T2. Ikiwa ni T tupu, utahitaji dikoda ya bure, ile ya kununua mara moja. Ukisaka chaneli utaona zingine zimefungwa. Hizo ni za watu wa kulipia, wanarusha vilevile kutoka kwa minara. Antena yako iko sawa, songa mbele.

Na radi, manze. Hizi sides za Western haichezi. Mlingoti wa chuma uunganishwe na waya nene hadi chuma kilichozikwa chini, na mawingu yakianza kujikusanya, chomoa antena na stima zote mbili. Kuchomoa stima pekee haitoshi, radi inaingia na waya ya antena.

Siku ya kujaribu, panda na msee mmoja abaki ndani akiangalia asilimia ya mawimbi. Geuza polepole, ngoja sekunde kadhaa kila mahali, alafu weka alama na rangi kwa mlingoti: hapa Webuye, hapa Tororo.