Oshin hafundishi kuvumilia tu



Katika mabweni kuna mabishano juu ya michezo ya televizio ya Wajapani, ile inayotolewa kipande kwa kipande. Wengine wanasemaka ni ya kulia tu, haina mapigano. Wengine wanaisifu, lakini kwa neno moja: "Oshin alivumilia, na wewe uvumilie." Mimi naona pande zote mbili hazikutazama vizuri.

"Oshin" iliandikwa na mama Hashida Sugako. Televizio NHK ya Japani iliionyesha tangu mwezi wa 4 mwaka 1983 mpaka mwezi wa 3 mwaka 1984: vipande 297, kila kimoja dakika 15 tu, asubuhi. Katika eneo la Tokyo kipande kimoja kilifikia 62,9 kwa mia ya nyumba. Kisha ikaenda katika inchi zaidi ya 60. Je, watu wote hao walikaa kwa sababu ya machozi peke yake?

Oshin ni mtoto wa wakulima masikini wa Yamagata, kule kwenye theluji nyingi. Akiwa na miaka 7 hivi, anatumwa kulea mtoto na kufanya kazi kwa mfanyabiashara wa mbao. Malipo ya mwaka mzima ni gunia moja la mchele, na gunia lenyewe linaenda kwa wazazi. Anakubali sababu nyumbani chakula hakitoshi. Hapo anavumilia kweli. Lakini siku anasingiziwa kuiba pesa ambayo bibi yake alimpa, anatoroka katika theluji. Anayemwokoa ni askari aliyekimbia vita, na ndiye anamfundisha kusoma na kuhesabu.

Baadaye, akiisha kuolewa, mama mkwe kule Saga anamtumikisha shambani hata akiwa na mimba, na mtoto anakufa. Oshin anabeba mtoto wake wa kwanza, anaondoka tena.

Mnaona? Kazi anavumilia, njaa anavumilia, lakini kusingiziwa na kuteswa hakubali. Ndiyo maana watu wanampenda: anajua siku ya kubaki na siku ya kutoka.

Na hata utajiri haumfungi macho. Mchezo unaanza akiwa mzee, siku ambayo jamaa yake wanafungua duka la 17. Badala ya kufurahi, anaondoka peke yake kujiuliza: ni wapi tulipotea njia? Wajapani wa 1983 walikuwa wamekwisha kutajirika, na ulizo lile liliwagusa wao wenyewe.

Sasa sisi. Kuna dada zetu wanaoacha darasa na kwenda kulea watoto wa watu, kwa malipo ambayo wao wenyewe hawayashiki mkononi. Kumwambia mtoto kama huyo "vumilia kama Oshin" ni kumdanganya, tena ni kumsaidia yule anayemtesa. Afazali tumwambie: "Jifunze kusoma kama Oshin," na yule anayejua kusoma kati yetu amfundishe, hata jioni moja kwa juma. Askari yule hakuwa mwalimu wa shule, hakuwa na darasa wala ubao.

Mwenye wazo lingine aandike, tutasoma.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita