Aliyeitika Baada ya Miaka Sita

Ndugu msomaji, Jumapili hii nakuomba ruhusa tuziache kando habari za karo na bei ya sukari, tuzungumze habari za mpira. Najua wako akina mama ambao wakiliona neno hilo katika ukurasa huu hufunua ukurasa wa pili kwa haraka. Nawasihi leo wasifanye hivyo, maana habari yenyewe haikuanzia uwanjani. Ilianzia jikoni, nyumbani kwa dada yangu kule Muleba.

Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 2019. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa mlinda mlango wa timu ya kata. Nasema mlinda mlango, lakini msimu mzima ule hakuwa amelinda mlango wowote isipokuwa ule wa miti miwili iliyosimama nyuma ya migomba ya baba yake. Mwalimu wa timu alikuwa amemchagua kijana mwingine, mrefu kuliko yeye, na jina la mpwa wangu halikusomwa hata siku moja. Kisha yule mrefu akaenda visiwani na kaka zake kuvua dagaa, siku ya mchezo ikawa inakaribia, na mwalimu akatuma mtoto aje amwite mpwa wangu. Jibu la kijana mama yake alinirudia kwa simu neno kwa neno: "Waliponikataa sikulia. Sasa wananitaka wao, mimi siwataki."

Baba yake alisema aachwe, kwani ana haki ya kuona uchungu. Dada yangu hakukubali. "Kaka, njoo useme na mtoto wako," akaniambia, "maana huku tumekwisha gawanyika nyumba nzima."

Sikuwa na la kumwambia. Sisi watu wazima tukiulizwa jambo kama hilo hukimbilia methali, na vijana wa siku hizi methali zetu wanazijua hata kabla hatujafungua mdomo. Nikamwambia dada amtume kwangu Bukoba siku ya Jumapili, tutazame mpira pamoja. Jumapili hiyo, tarehe 8 Septemba, Taifa Stars ilikuwa icheze na Burundi katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kutafuta nafasi ya kuingia katika makundi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Mchezo wa kwanza, kule Bujumbura, ulikuwa umekwisha kwa sare ya 1–1. Na langoni kwa Tanzania alikuwa asimame Juma Kaseja.

Kwa msomaji asiyefuata mpira, yafaa nieleze jina hilo lina uzito gani. Mwaka 2003 Kaseja, akiwa kijana wa miaka 18, alisimama langoni mwa Simba mjini Cairo, mbele ya Zamalek waliokuwa mabingwa wa Afrika. Simba ilikuwa imeshinda 1–0 nyumbani, ikafungwa 1–0 ugenini, na mikwaju ya penalti ikaamua: Simba 3, Zamalek 2. Tangu siku ile nchi nzima ilimjua. Lakini kujulikana na nchi si kuitwa na nchi. Katika miaka ya mwalimu Marcio Maximo, Mbrazili aliyeifundisha Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, Kaseja aliachwa nje kwa muda mrefu. Taifa Stars ilipokwenda Ivory Coast mwaka 2009 kwa mashindano ya kwanza ya CHAN, ilikwenda bila yeye. Mabishano yaliyozuka wakati ule unayakumbuka; wako ndugu waliokuwa hawasemezani kwa ajili yake. Alipokuja mwalimu Jan Poulsen, Kaseja akaitwa tena, na Desemba 2010 alikuwa langoni Tanzania ilipotwaa Kombe la Chalenji, baada ya kuitoa Uganda katika nusu fainali kwa mikwaju 5–4. Sisi wa Kagera, ambao Mganda ni jirani wa kupigana naye hodi, tulisherehekea nusu fainali ile kuliko fainali yenyewe.

Kisha mwaka 2013 aliondoka Simba, na jina lake likatoka pia katika orodha ya timu ya taifa. Hapa sina budi kukiri jambo. Mimi ninayeandika haya nilikuwa miongoni mwa waliosema kwamba amekwisha. Nililisema barazani, kwa sauti, mbele ya watu, huku natafuna kahawa, kama mtu anayetaja bei ya ndizi. Kwa mtazamaji wa mpira neno hilo ni jepesi mno. Humtoki jasho wakati wa kulisema, na jioni hulikumbuki tena.

Basi aliyekwisha akaja Bukoba. Msimu wa 2016/17 ulikuwa msimu mgumu kwa mji wetu. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, watu wakafa, nyumba zikaanguka, na shule kama Ihungo zikabaki na kuta zilizopasuka. Miezi ile watu wengi walikuwa wakilala na hofu, na Kaitaba palikuwa mahali pachache ambapo ungeweza kukaa saa mbili bila kuzungumza habari za nyufa. Katikati ya msimu huo Kaseja alijiunga na Kagera Sugar, akitokea Mbeya City, chini ya mwalimu Mecky Maxime, naye pia nahodha wa zamani wa Taifa Stars. Tarehe 2 Aprili 2017 Simba ilikuja Kaitaba ikiutafuta ubingwa, ikafungwa 2–1, na mlinda mlango wa Kagera alikuwa yule yule waliyempa jina wao. Mwisho wa msimu Kagera Sugar ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba na mbele ya Azam. Wana Bukoba waliokuwapo bado huitaja nafasi hiyo kama watu wa nyumba moja wanavyomtaja mtoto aliyefaulu.

Ila timu ya taifa haikumwita. Na mwaka 2019, ndugu msomaji, likatokea jambo ambalo naona ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Tanzania ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Miaka 39! Kaseja alikuwa amelinda lango la nchi katika miaka ile tuliyokuwa tukitolewa kila mara, akawa analaumiwa pamoja na wengine. Safari ilipopatikana, Juni, kwenda Misri, wakaenda wengine. Stars ikapoteza michezo yote mitatu, mbele ya Senegal, Kenya na Algeria, ikarudi. Ndipo mwalimu mpya wa muda, Etienne Ndayiragije, alipomwita Kaseja, wakati huo mchezaji wa KMC mwenye miaka 34, si kwa sherehe ya Misri iliyokwisha kupita, bali kwa mchezo wa kufuzu CHAN na Kenya.

Angeweza kusema hapana. Nani angemlaumu? Angesema umri umekwenda, waiteni vijana, na magazeti yangemsifu kwa busara yake. Badala yake tarehe 4 Agosti alikuwa Kasarani, Nairobi, na baada ya dakika 90 zisizo na bao Tanzania iliitoa Kenya kwa mikwaju 4–1.

Nirudi sasa Kashai, kwenye kibanda umiza tulikokwenda na mpwa wangu Jumapili ile. Tulifika mapema, tukakuta mabishano yamekwisha waka. Mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda, alikuwa akisema kwamba haoni cha kusifia. "Mchezaji akiitwa anapewa posho," alisema, "na jina lake linaandikwa gazetini. Kujitolea kuko wapi hapo? Sisi mwaka 1979 tulibeba mizigo ya wanajeshi kule Kyaka, daraja limevunjwa, na hakuna aliyetuuliza majina." Watu walinyamaza, maana hapa kwetu vita ile haina mzaha. Fundi cherehani aliyekaa nyuma akajibu kwa adabu: "Waitu mzee, posho ni ya siku kumi. Hiyo miaka sita Taifa Stars haikumlipa hata thumni. Mbona siku alipoitwa alikutwa yuko tayari?"

Mimi naona fundi alikuwa na haki zaidi, ingawa mzee naye hakukosea kabisa. Kaseja alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara wa klabu, na mazoezi alikuwa akiyafanya kwa ajili ya klabu. Si kwamba alikaa gizani akiililia bendera. Lakini hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Huko nyuma nilidhani kulipenda taifa ni jambo la siku ya wimbo wa taifa, mkono kifuani na machozi machoni. Yeye alikuwa ameifanya kazi yake ya kila Jumamosi pale Kaitaba kwa namna ambayo, siku nchi ikihitaji mtu, isipate shida ya kumtengeneza upya.

Mambo haya hayako kwetu tu. Huko Ireland watu wa mpira wanamheshimu sana mlinda mlango wao Shay Given. Aliacha timu ya taifa mwaka 2012, akarudi mwaka 2014, na mwaka 2016 akaenda na Ireland kwenye fainali za Ulaya nchini Ufaransa akiwa na miaka 40. Hakucheza hata dakika moja. Lango alilinda Darren Randolph, kijana kuliko yeye, naye Given akakaa benchi kama mchezaji yeyote mgeni. Watazamaji wa kule hawajalisahau benchi lile. Na Burundi tuliyokuwa tukiitazama Jumapili ile ilikuwa na Saidi Berahino, aliyekulia Uingereza na kuchezea timu za vijana za Uingereza, kisha mwaka 2018 akaanza kuichezea nchi aliyozaliwa. Mpwa wangu alipoambiwa hilo aliguna tu.

Mchezo wenyewe hauna maelezo marefu. Mbwana Samatta alifunga, Burundi wakasawazisha, ikawa 1–1 tena, na dakika za nyongeza hazikubadili kitu. Ikaja mikwaju. Ndani ya kibanda joto lilikuwa kama la tanuri, na yule mzee wa Kyaka, aliyesema haoni cha kusifia, alikuwa amesimama juu ya benchi la watu. Warundi walipiga mikwaju mitatu, wala hakuna uliohesabiwa. Tanzania ilipata mitatu. Sikumbuki nani aliyenikumbatia. Nakumbuka tu kwamba kofia yangu sikuiona tena.

Usiku, tukiwa mezani, kijana alikuwa kimya. Nami nilijizuia nisiseme neno, ingawa kwa tabia yangu ilikuwa kazi. Alipokwisha kula ndizi zake akauliza: "Mjomba, hiyo miaka sita alikuwa anafanya nini?"

"Wakati fulani alikuwa hapa," nikamwambia. "Hapo Kaitaba. Tulikuwa tukimwona."

"Mlikuwa mnamwambia nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo sikulitegemea. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nilikuwa nimesema amekwisha. Mke wangu akacheka. Kijana hakucheka. Alfajiri nilimsindikiza stendi, akapanda basi dogo la Muleba, na hakuniambia ameamua nini.

Jumamosi iliyofuata dada alinipigia simu. Kijana alikwenda kwenye mchezo. Lakini yule mrefu alikuwa amerudi kutoka visiwani usiku wa kuamkia siku hiyo, na mwalimu akampa yeye lango. Mpwa wangu alikaa nje dakika zote 90, na walipofungwa alisaidia kukusanya mipira. Baba yake alikasirika sana, akataka kwenda kumwona mwalimu yule. Kijana ndiye aliyemzuia, akasema Jumatatu kuna mazoezi.

Miaka imepita. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima, ana kazi yake mjini hapa, na mpira huucheza Jumapili tu, tena kama beki. Kaseja aliacha kucheza, akarudi Kagera Sugar katika benchi la ufundi, na alikuwapo katika msimu wa 2024/25 ambao mwisho wake timu yetu ilishuka kutoka Ligi Kuu. Siku habari zilipothibitika barazani kwetu watu walianza kusema yale yale wanayosema watu barazani. Jioni ile simu yangu ililia.

"Mjomba," kijana akauliza, "msimu ujao, huko chini, Kaitaba tutakwenda?"

Nilimwambia atangulie akakate tiketi mbili.