Rangi mpya haiondoi kuvu ukutani

Kila masika yakipita hapa Mombasa, mafundi wa rangi hupata kazi. Ukuta uliojaa madoa meusi unapakwa rangi nyeupe, chumba kinatangazwa kiko wazi, na mpangaji mpya anaingia. Mvua zikirudi, madoa nayo yanarudi pale pale. Mtoto akianza kukohoa, mamake huambiwa ni hali ya hewa ya Pwani.

Naona tumeisingizia bahari vya kutosha. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kweli, lakini kuvu huota pale ukuta unapobaki majimaji: bomba linalovuja, paa lenye ufa, choo kisicho na tundu la hewa. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikawa juu na upepo ukapita. Chokaa huacha unyevu utoke. Gorofa nyingi za leo zimebanana hadi dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2009. Lilisema wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya maradhi ya kupumua na pumu. Halikutaja kiwango cha kuvu kilicho salama; lilisisitiza unyevu uzuiwe. Kwa hivyo ukaguzi hauhitaji mitambo ya bei ghali. Afisa mwenye macho, pua na ngazi ya kupandia paani anaweza kujua maji yanatoka wapi.

Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak wa miaka miwili alifariki mjini Rochdale. Babake alikuwa ameripoti kuvu tangu 2017 na akaambiwa apake rangi juu yake. Mwaka 2022 uchunguzi rasmi ulibaini kuwa kuvu ya nyumbani ndiyo chanzo cha kifo hicho. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025. Mwenye nyumba za kijamii akipata ripoti ya unyevu au kuvu inayohatarisha afya, ana siku 10 za kazi kuichunguza. Hatari ya dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24.

Sisi hatukosi sheria. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inamruhusu afisa wa afya kumwandikia mwenye jengo linalohatarisha afya aondoe hatari hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi bora. Lakini mpangaji anaogopa kulalamika, maana jibu analotarajia ni "hama". Sheria ya kudhibiti kodi, Sura 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Ni wangapi Mombasa wanaolipa hiyo?

Kwa maoni yangu, kaunti zetu zianze na mambo matatu. Kwanza, ziweke muda maalum wa afisa kufika mpangaji anapolalamika. Pili, jengo lisipewe kibali cha kukaliwa kabla mabomba, paa na njia za hewa kukaguliwa. Tatu, mpangaji aliyeripoti asifukuzwe wala kupandishiwa kodi kwa sababu hiyo.

Wenye nyumba watasema gharama hizo zitaishia kwenye kodi. Lakini gharama tayari ipo, ila anailipa mpangaji kwa dawa na siku za kazi alizopoteza. Tena kuziba bomba mapema ni rahisi kuliko kubomoa ukuta uliooza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawakutaja kopo la rangi.